Mama Mkwe Hauziwi Hisa

Watu wengine akili huwajia wakioga, wengine wakiwa wamejilaza. Mtaalamu ilimjia wodini, akiwa amesimama miguuni pa kitanda cha mama mkwe wake, mikono nyuma, akitafuta neno la kumfariji mwanamke ambaye kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumwambia chochote zaidi ya shikamoo.

Mama mkwe alikuwa ametolewa kidole tumbo. Nesi aliingia, akamtazama mgeni mikononi badala ya usoni.

"Umetakasa mikono?"

"Nimetakasa, sista."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Toka nje. Kuna chupa ukutani. Bonyeza, sugua, ndipo uingie."

Akatoka. Chupa ilikuwepo kweli, ila ilikuwa tupu. Alipoibonyeza ikakohoa tu. Akajibanza pembeni aone wenzake watafanyaje. Akaja bwana mmoja mwenye tai, akabonyeza, chupa ikakohoa, bwana akasugua viganja vyake kwa makini mpaka katikati ya vidole, akaingia. Akaja mama mwenye kikapu, naye vilevile. Mwisho akaja nesi yuleyule mkali, akabonyeza, akasugua, akapita. Wote walisugua hewa, na wote waliingia wodini roho zao zimetulia.

"Mungu wangu," Mtaalamu akanong'ona. "Hawa watu wameshanunua tayari. Kilichobaki ni mimi kuja kuuza."

Jina hilo la Mtaalamu alipewa mtaani, na wala si kwa utaalamu wowote. Ni kwa vile hajawahi kuulizwa swali akajibu sijui. Katika maisha yake ameuza viwanja vya watu wengine, bima ya kuku, na kozi ya wiki moja ya urubani. Pamoja na ujanja wote huo, alikuwa akiishi chumba cha uani kwa mama mkwe wake, na choo cha pamoja. Ndivyo tulivyo sisi watoto wa mjini, msinicheke. Mdomoni tunamiliki maghorofa, na usiku tunaenda kulala kwa wakwe.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa mjamzito, na subira ilikuwa imemwishia.

"Mume wangu, mimi sitaki maghorofa," alimwambia. "Nataka mlango wangu. Mwanangu akizaliwa alie kwake, asilie kwa bibi yake. Usiponipa mlango, mimi nitautafuta mwenyewe."

Mtaalamu alikuwa mwongo kwa dunia nzima, lakini alimpenda mkewe kweli. Maneno yale hayakumtoka kichwani. Kwa hiyo alipotoka hospitali siku ile alitembea haraka, na kabla hajafika nyumbani kampuni ilikuwa imeshazaliwa na ina jina: Kinga Kamili, watengenezaji wa dawa za kutakasa mikono, glavu, barakoa na maji ya kuulia vijidudu kwenye sakafu za wodi.

Kampuni ilikuwa na kila kitu isipokuwa dawa, glavu, barakoa na maji.

Ofisi aliipata ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Akapaka kuta rangi nyeupe mpaka macho yakauma. Mlangoni akaweka kiti na kapu. Kila aliyekuja alitakiwa avue viatu, avae mifuko ya plastiki miguuni, barakoa, glavu, na kofia ya kuogea kichwani. Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wenyewe. Mtu mzima ukishamvisha kofia ya kuogea hana tena nguvu za kuuliza maswali.

Wa kwanza kuvishwa alikuwa kinyozi wa mtaani, mtu wa maneno mengi. Wa pili, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mtaa mzima humwita Msumari, kwa ubahili wake, maana akishaingia mahali hatoki na hatoi. Wa tatu, mwalimu mstaafu aliyekuwa na kiinua mgongo chake benki, akikiwazia kila siku kama mtoto aliyesafiri.

"Ndugu zangu," Mtaalamu alianza, "watu wanaweza kuacha kununua viatu. Wanaweza kuacha kunyoa, samahani kinyozi. Wanaweza kuacha kujenga, samahani Msumari. Je, wanaweza kuacha kuugua?"

Kofia tatu za kuogea zikatikiswa.

"Na mgonjwa akilazwa, hospitali inaweza kusema leo hatusafishi, tutasafisha mwezi ujao? Haiwezi! Mgonjwa akiingia na ugonjwa mmoja asitoke na viwili. Hiyo ndiyo kazi yetu. Sisi, ndugu zangu, hatuuzi sabuni. Tunauza uhai."

Alipofika kwenye uhai sauti ilimkatika kidogo. Haikuwa sehemu ya maigizo. Wakati mwingine alijisikiliza akaguswa.

"Na kiwanda?" mwalimu akauliza. "Tungependa kukiona."

"Mwalimu! Wewe mtu wa elimu! Kiwanda cha kuulia vijidudu ukiingia wewe, si vijidudu vimeingia?"

Mwalimu akaona haya, akazitazama glavu zake.

Hati za hisa zilichapishwa mia moja, zenye pambo la dhahabu pembeni na mhuri mwekundu. Kinyozi alinunua, akarudi akanunua tena. Msumari alinunua kwa kulalamika, lakini alinunua. Mwalimu akaenda benki. Mwishowe hati zote mia ziliondoka. Mwenyewe hakujibakizia hata moja, na nani angemlaumu? Ajiwekee akiba ya hewa ili iweje? Fedha alizitia kwenye kopo la biskuti, akalisukuma chini ya kitanda, akamnong'oneza mkewe aanze kuchagua rangi ya mapazia.

Wakati mauzo hayo yamepamba moto, mama mkwe alikuwa amesharudi nyumbani, na siku moja alimwita. Mtaalamu akaja akachuchumaa hatua kadhaa kutoka kwenye kiti chake, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia una kampuni ya mambo ya hospitali. Nimelala kule nimejionea, ni biashara nzuri. Nina kijiakiba changu cha kodi za vyumba. Niandikie hisa na mimi."

Jasho lilimtoka Mtaalamu. Sasa, wasomaji, msituone hivi. Sisi matapeli tuna mipaka yetu. Unaweza kumtapeli jirani, rafiki, hata mtu aliyekukopesha jana. Lakini mwanamke aliyekuzalia mke? Aliyekupa chumba? Ukimtapeli huyo, utakaa naye vipi ua mmoja?

"Mama," akasema, "hisa zimekwisha."

"Zimekwisha zote?"

"Zote, mama. Ningejua mapema ningekuwekea."

"Haya, mwanangu. Si kitu."

Alitoka pale amelowa mgongo mzima, lakini kifua mbele. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa ametenda wema, na alijiona mtakatifu. Jioni hiyohiyo alimwuzia kinyozi hisa nyingine kumi.

Haukupita muda baada ya hati ya mwisho kuondoka, kinyozi akaja mbio ofisini, hata viatu hakuvua.

"Mkurugenzi! Kuna mtu wa hospitali kubwa anakutafuta! Yuko saluni kwangu, ana oda!"

Mtaalamu aliangalia dirisha kwanza, akipima urefu wa kuruka. Halafu akasikia neno oda, akaghairi.

Kwenye kiti cha kunyolea alikuwa ameketi bwana mnene wa koti jeupe, beji kifuani, kalamu nne mfukoni. Msumari na mwalimu walikuwa wameshafika.

"Mimi ni ofisa manunuzi," bwana yule akasema. "Sifa zenu zimetufikia. Tunataka dawa ya mikono na maji ya sakafu kwa wodi zote, mwaka mzima. Na glavu, zote mtakazoweza. Malipo ya kwanza tunatoa kabla ya mzigo. Wewe ndiye nani?"

"Mkurugenzi mkuu."

"Una hisa ngapi?"

Mtaalamu akaanza kurekebisha kola yake.

"Nauliza kwa sababu mkurugenzi ni mfanyakazi tu," ofisa akaendelea. "Sisi mkataba tunasaini na wenye mali, na malipo yanaingia kwao. Wiki ijayo nitawangoja hospitali." Akasimama, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Jamani, mwoneeni huruma. Uongo wake umekua, umepata kazi nzuri, na yeye mzazi hana hata cheti chake cha kuzaliwa! Oda ya namna ile ingempa mkewe mlango, na geti, na mlinzi wa kufungua geti. Ilimbidi azinunue tena zile hisa.

"Kinyozi, ndugu yangu," alianza akiwa amebaki naye peke yake, "nimekuwa nikifikiria. Biashara hii ina hatari."

"Hatari gani?"

"Watu siku hizi wana afya njema sana."

Kinyozi akacheka mpaka mkasi ukamdondoka. "Si wewe uliyesema watu hawawezi kuacha kuugua?"

"Nilisema, lakini..."

"Ukasema hatuuzi sabuni, tunauza uhai. Mimi nililia, mkurugenzi. Uhai wangu siuzi."

Akampandishia bei. Kinyozi akatikisa kichwa. Akapandisha tena mpaka mara mbili ya alichomwuzia, na hapo kinyozi akaanza kulainika, kwa masikitiko makubwa. Msumari naye alitaka mara mbili na nauli. Mwalimu alisaini akisema anaachana na mustakabali wa wajukuu zake. Kopo la biskuti likakauka. Halikutosha, Mtaalamu akauza pikipiki yake, akauza televisheni na simu yake kubwa. Akauza mpaka mkanda wake wa ngozi. Kila alipokuwa akilipa alijipongeza moyoni: wajinga hawa, oda wameisikia kwa masikio yao, na bado wanaachia!

Siku ya miadi alivaa suti, suruali ameishika kwa mkono mmoja kwa kukosa mkanda, hati mia moja ameziweka kwapani. Ofisi ya manunuzi pale hospitali ilikuwa na mama mmoja mwembamba akila karanga.

"Ofisa mnene?" yule mama akasema. "Hapa ofisa ni mimi. Kinga nini? Sijaisikia." Akazitazama zile hati. "Ila pambo zuri."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Uani kwa mama mkwe palikuwa na mkeka, chai na vicheko. Kinyozi alikuwepo, na Msumari, na mwalimu. Pembeni yao, bila koti jeupe, ameketi ofisa manunuzi akimenya chungwa.

"Karibu, mkurugenzi," kinyozi akasema. "Kutana na shemeji yangu. Ni dereva wa lori. Lile koti ni langu la kunyolea."

"Mmeniibia!" Mtaalamu alipiga kelele. "Naita polisi!"

"Waite," mwalimu akajibu kwa upole. "Wakifika, uwaeleze tulikuuzia nini."

Mtaalamu akafungua mdomo. Yeye ambaye hajawahi kukosa jibu, siku hiyo alilikosa. Akajikuta amechuchumaa palepale alipozoea, mbele ya kiti cha mama mkwe, macho chini. Hasira zilikuwa zimemtoka, aibu tu ndiyo iliyobaki.

"Ni wewe, mama?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Ulijuaje?"

Mama mkwe alishusha kikombe. "Mkwe akipata kitu cha maana hukileta kwa mama mkwe kwanza, hata kabla mama yake mzazi hajakiona. Apate sifa. Wewe nimekuomba mwenyewe, na fedha mkononi, ukaninyima. Kesho yake nasikia umemwuzia kinyozi. Nikajiuliza, mkwe wangu ananichukia? Hapana, hanichukii, kuni anapasua. Basi ni kwamba ananipenda, na hicho kitu ni kibovu. Nikawaita hawa." Akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa akamtabasamia. "Ungenitapeli na mimi, mwanangu, ningekuamini mpaka leo."

Msumari alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mtaalamu hakucheka. Wema wake wa kwanza na wa pekee, na ndio uliomfilisi! Angeweza kulia, na kusema kweli, alilia kidogo.

"Hawa wamebaki na fedha zao walizotoa tu," mama mkwe akaendelea. "Ile ziada, ya pikipiki na televisheni, tumekubaliana wote iende kwa binti yangu."

Ndipo mkewe alipotoka chumbani, tumbo mbele, mapazia yamekunjwa begani. Nyuma yake shemeji wa kinyozi alikuwa ameshainuka kuichukua cherehani, aipakie kwenye lori.

"Mke wangu, unakwenda wapi?"

"Mtaa wa pili. Vyumba viwili, nimelipa kodi ya mwaka mzima."

Mtaalamu akafuta machozi, akasimama, akaishika suruali yake vizuri. Uso ulianza kumchangamka. "Kumbe! Basi mlango tumeupata! Ngoja nikusaidie kubeba."

"Mlango nimeupata mimi," mkewe akasema. "Wewe baki umpasulie mama kuni, kidonda chake hakijapona vizuri." Akaweka sawa mapazia begani, akapita, halafu akageuka kwenye kona ya uani. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na sauti ya mtu anayemkumbusha mgeni adabu.

"Na ukija, bisha hodi."