Historia Hufungwa Saa ya Chakula

Kurugenzi ya Kumbukumbu za Taifa inayo furaha kuutangazia umma kwamba historia yote ya nchi hii, tangu ilipoanza hadi Ijumaa iliyopita, sasa inapatikana mtandaoni. Mwananchi yeyote mwenye simu anaweza kuisoma akiwa kazini, akiwa kitandani, hata akiwa chooni. Huduma hutolewa siku za kazi, asubuhi mpaka jioni, isipokuwa saa ya chakula, ambapo historia hufungwa.

Tangazo hilo nililibandika mwenyewe kwenye mlango wa ukumbi wa kusomea, mlango ambao siku hizi hakuna anayeupita.

Mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Ukimya Mtandaoni. Zamani nilikaa kwenye kiti kando ya mlango huo, na kazi yangu ilikuwa kuwaambia watafiti wanyamaze. Shule niliiacha mapema, lakini kunyamazisha watu hakutaki shahada. Kunataka macho makali na kidole mdomoni. Ukumbi ulipohamia mtandaoni nikajua kazi imeota mbawa. Mkurugenzi akaniita ofisini kwake akasema, "Ukumbi umehama. Ukimya haujahama." Nikapewa meza, kompyuta na cheo.

Wasioelewa kazi huniuliza mtandaoni kuna kelele gani. Kulikuwa na kelele nyingi sana. Kulikuwa na sauti za wazee wakisimulia mambo ya zamani, tena wengine wanaimba kabisa. Nimezima zote. Sasa unaliona jina la mzee, unauona mstari ukisogea kwenye skrini, na mzee ananyamaza vizuri mpaka mwisho. Hatujapata lalamiko la kelele hata moja.

Taratibu nyingine za ukumbi nazo zilihamishwa kama zilivyo. Ukifungua tovuti unaulizwa kama umeacha mkoba nje. Kisha unaulizwa kama umenawa mikono. Kisha unakaa kwenye foleni. Siku ya uzinduzi Mkurugenzi aliwaambia waandishi wa habari kwamba taratibu hizo ni za kila mtu, hata yeye, na kwamba anayetaka chochote kwenye tovuti, awe anataka kukitazama au kukiondoa, lazima apitie mlango huohuo. "Hapa hakuna mlango wa nyuma," alisema. Walimpigia makofi. Mimi pia nilipiga, ila kimyakimya.

Likabaki suala la muhuri. Katika ofisi yetu kitu kisicho na muhuri hakipo. Mkurugenzi akaagiza kila picha iwekwe muhuri wake, wenye sura yake akiwa amevaa tai, na maneno yanayozunguka: *Nimeiona, nimeihakiki, ni ya kweli tupu.*

Fundi wetu wa kompyuta, mama mmoja mpole mwenye miwani mizito, akauliza, "Mheshimiwa, picha zote hizi utazikagua lini?"

"Nikague nini? Muhuri ndio ukaguzi."

Fundi akaifundisha mashine kupiga muhuri yenyewe. Ikawa inapiga mchana kutwa bila kuomba posho.

Kazi ilipaswa kuanzia mahali, na ilianzia kwa mkubwa. Mkurugenzi alileta kutoka nyumbani boksi la picha za marehemu baba yake, limefungwa kwa kamba, halijafunguliwa tangu msiba. Akaliita Mkusanyo wa Familia ya Mkurugenzi. Likawekwa ukurasa wa mbele, kabla ya uhuru. Fundi alizipitisha picha kwenye skana huku ameangalia dirishani.

"Mbona hutazami unachofanya?" nikamuuliza.

"Nitazame picha za nyumbani kwa bosi? Kama yumo kwenye beseni anaogeshwa je? Kesho nitamwangaliaje usoni?"

Nilimpongeza kwa nidhamu.

Sasa, kando ya mtaa wetu kuna uwanja. Watoto wanachezea mpira pale, wangu wakiwemo, na pembeni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ana kibanda chake cha kushonea nguo. Mtaa mzima unamwita Mama Cherehani. Mwezi uliopita tuliamka tukakuta uwanja umezungushiwa mabati, na kibao: *SHAMBA LA FAMILIA. MBWA MKALI.* Mbwa hakuwepo. Familia ilikuwa ya Mkurugenzi. Mama Cherehani akaambiwa ahame na mashine yake.

Shauri likafika baraza la ardhi. Wazee wa mtaa waliapa kwamba pale ni uwanja tangu wao wana meno. Mwenyekiti wa baraza, mama mtu mzima asiye na papara, akawaambia maneno yao ni matamu ila hayana muhuri. Akaahirisha, akataka ushahidi.

Msimamo wangu ulikuwa wazi. Watoto wangu wanacheza pale, na Mkurugenzi ndiye anayesaini cheo changu. Nikakaa katikati. Katikati ni mahali pazuri sana kwa mtumishi wa umma.

Jumamosi iliyofuata Mama Cherehani akaingia sebuleni kwangu na simu mkononi, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni.

"Shemeji, tovuti yenu imenifukuza jana."

"Tovuti haifukuzi mtu. Umekosea utaratibu."

"Imeniuliza kama nimeacha mkoba nje. Nikajibu sijauacha."

"Kwa nini hukuuacha?"

"Si niko kwangu! Nje kuna vibaka!"

"Ungeuacha tu."

"Nimeuacha! Nikanawa na mikono. Wakaniweka kwenye foleni na watu nisiowaona, nimekaa mpaka chai ikaota ngozi. Ilipofunguka ikaniambia ni saa ya chakula."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa ya chakula."

"Sasa kosa la tovuti liko wapi?"

Mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni. "Dada, unajisumbua! Huyo hata mimi nikiimba naosha vyombo ananiwekea kidole mdomoni!"

Mama Cherehani akakaa bila kukaribishwa. "Mchana nikarudi, nikaingia. Nimeandika 'uwanja'. Hakuna. Nimeandika 'mpira', hakuna. Nimeandika jina la mtaa, hakuna. Nchi hii haikuwahi kuwa na uwanja?"

Ilibidi nimweleweshe, maana kumwelewesha mwananchi ni sehemu ya kazi yangu. "Picha hatuzipangi kwa mahali, shemeji. Tunazipanga kwa cheo. Tunaangalia nani mkubwa kuliko wote pichani, picha inakaa kwa jina lake. Uwanja una cheo gani?"

"Kwa hiyo mkubwa akisimama uwanjani?"

"Anawekwa yeye. Uwanja unakuwa nyuma yake."

Akaniangalia vile anavyoangalia kitambaa kabla ya kukitia mkasi. "Na mtaani kwetu mkubwa kuliko wote ni nani?"

"Swali gani hilo? Mkurugenzi! Alizaliwa hapahapa. Yuko ukurasa wa mbele, hata kutafuta hutafuti."

Naomba ieleweke kwamba nilichofanya ni kumwelekeza mwananchi kwa Mkurugenzi. Hakuna kanuni inayokataza hilo.

Jumatatu akarudi tena na simu yake, ameshavuka mkoba, mikono na foleni. Akaanza kupitisha picha moja moja, mke wangu ameinama begani kwake na mwiko mkononi. Beseni lilikuwepo kweli. Walicheka mpaka nikaweka kidole mdomoni, lakini nyumbani kwangu kidole changu hakina nguvu. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Mama yangu," mke wangu akasema. "Dada, hebu ikuze hapo."

Kisha akaniita, "Baba watoto, njoo uone."

Sikwenda. Mimi namheshimu bosi wangu, na macho yangu yana kiapo. Nilisikia tu Mama Cherehani akiuliza ni duka gani mtaani lina printa isiyomaliza wino.

Siku ya baraza nilihudhuria kama mwakilishi wa Kurugenzi, upande wa ukimya. Chumba kilikuwa na viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Mkurugenzi alikaa mbele, suti inang'aa, leso mkononi.

"Pale hapajawahi kuwa uwanja," akasema. "Ilikuwa bustani ya michungwa ya marehemu baba. Mimi nimekulia chini ya michungwa hiyo. Nikifumba macho naisikia harufu yake."

Akafumba macho. Tukamsubiri ayafumbue.

Mama Cherehani akapeleka picha mezani. Mwenyekiti, kama walivyo watu wa serikali wote, alianza kuangalia muhuri. "Muhuri upo," akasema. Ndipo akaangalia picha.

Ilikuwa picha ya uwanja. Magoli mawili, watu wamejaa pembeni, na kibao kikubwa cha mbao: *UWANJA WA WATU WOTE.* Katikati, bwana mmoja mwenye kofia ameinua mguu kupiga mpira wa kwanza. Kando yake kuna mtoto mdogo, shati analo, suruali hana, analia kwa nguvu zake zote. Mchungwa hata mmoja haukuwepo.

"Bwana huyu mwenye kofia ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Anafanana na baba," Mkurugenzi akajibu.

"Na mtoto?"

"Mtoto simfahamu."

Mwenyekiti akaisogeza picha karibu. Mtoto alikuwa na masikio yaliyosimama kama mishikio ya kikombe. Na pale kwenye kona, ndani ya muhuri, Mkurugenzi na tai yake, masikio yaleyale. Picha ikapitishwa kwenye viti, mkono kwa mkono. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Yeye hamfahamu, lakini masikio yanafahamiana!"

Chumba kikalipuka. Nikasimama kutimiza wajibu wangu, kidole mdomoni. Hakuna aliyeniona.

"Picha hii si ya kweli!" Mkurugenzi akasema.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Hapa umeandika umeiona, umeihakiki, ni ya kweli tupu."

"Sijawahi kuiona!"

"Umeandika umeiona."

"Ni mashine! Muhuri unajipiga wenyewe!"

"Ahaa. Kwa hiyo muhuri wako kwenye picha zote za taifa ni wa uongo? Na ile ya waziri akifungua bomba?"

Hapo chumba kilinyamaza. Nimefanya kazi ya ukimya miaka mingi, lakini ukimya kama ule sijauona. Ulikuwa safi, hata kiti hakikulia. Nilitamani kuuweka kwenye tovuti.

Mkurugenzi akajifuta shingo na leso. Akasema muhuri kwenye picha nyingine ni wa kweli. Wa kwenye picha hii tu ndio wa uongo.

"Sawa, nakusikia," mwenyekiti akasema kwa upole. "Thibitisha."

"Nithibitishe vipi?"

"Lete barua ya Kurugenzi inayosema muhuri wa Kurugenzi ni wa uongo." Akarudisha miwani kwenye pochi yake. "Iwe na muhuri."

Barua haikuja. Mabati yaling'olewa wiki ileile, mengine na watoto wangu, na kibao cha mbwa Mama Cherehani amekifanya meza ya kupigia pasi. Picha ile imekuwa maarufu kuliko uhuru. Wafanyakazi wa ofisi yetu hatuizungumzii. Tunaitazama tu, kila mtu kwenye simu yake, kwa utulivu.

Juzi Mkurugenzi aliamuru fundi aiondoe. Fundi akafuta miwani yake taratibu, akamkumbusha kwamba hapa hakuna mlango wa nyuma.

Jana, kwenye skrini yangu, nikamwona akiingia kama mwananchi. Mkoba alijibu ameacha nje. Mikono alijibu amenawa. Akakaa kwenye foleni nyuma ya darasa zima la wanafunzi waliokuja kutazama beseni. Baada ya muda simu yangu ikaita.

"Wewe! Nipitishe haraka! Unajua unaongea na nani?"

Alikuwa anapaza sauti sana. Nikamwambia, kwa heshima zote, mheshimiwa, hapa ni ukumbi wa kusomea. Kisha nikaangalia saa ya ukutani, nikanawa mikono, nikaifunga historia, nikaenda kula.