Malalamiko Kuhusu Mwembe Na. 14 na Harusi Iliyovunjika

Kwa Bwana Mkaguzi wa Miembe,
Wilaya ya Darbhanga.

Bwana Mheshimiwa,

Natumai u mzima. Sisi si wazima, na sababu ni wewe.

1. Mwezi wa Jeth, maembe yakiiva, ulikuja kulinganisha miembe iliyoota kwa kokwa na ya kubebesha, ile ya kupandikizwa. Mwembe wetu wa kokwa ukauandikia: "Magonjwa: hakuna. Matunda: saba." Wa jirani yetu Lakhan Thakur, wa kubebesha: "Magonjwa: ubwiri unga, majani yote. Matunda: mia tatu."

2. Karatasi hiyo ukaibandika mlangoni pa baraza la kijiji. Thakur ndiye mwenye mche wa yasmini aliyeposwa na mwembe wetu miaka miwili sasa, kwa desturi yetu ya kuoza miti. Alisoma, akaja kwetu na viatu mkononi: "Kaka Bhogendra, nisamehe. Mkwe wa maembe saba nimpeleke wapi? Watu watanicheka!" Sasa yasmini anaolewa na huyo mwembe wake mwenye ubwiri.

3. Huyo bwana harusi ana shina la huyu na kichwa cha yule. Kwenye kadi wataandika mwana wa nani?

4. Unajua fika kwamba mwembe usipoozwa, aliyeupanda na watu wa nyumba yake hawaonji tunda lake. Mama yangu, Sunaina Devi, ana miaka themanini na mmoja. Alifukia kokwa ile kwa mkono wake, na hajaonja hata ganda. Naogopa atakufa na hamu yake. Hilo linaniuma kuliko yote.

5. Kapera kuzaa saba ni adabu. Kuzaa mia tatu kabla ya ndoa ndiko kulikostahili kuandikwa kwenye safu ya magonjwa.

Naomba basi uhesabu upya, safari hii kwa heshima.

Wasalimie wa ofisini wote, dereva, na karani aliyeng'atwa na majimoto mtini kwetu. Tulicheka, lakini tulimhurumia.

Ni mimi mwenye uchungu,
Bhogendra Jha

Baada ya sahihi: Nimemsomea Mama barua hii. Amecheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Anasema: "We mtoto, maembe nayala mimi, kila asubuhi ukienda kukama nyati wetu! Hayo saba yako juu, fimbo yangu haifiki. Mwambie huyo bwana asiguse hesabu yake. Harusi ikifungwa, si mtaruhusiwa kula wote?"