Programu ya Kamba za Paani

Jumatatu, 3 Machi
Bwana Mashuka kazimeza tena kamba zote za paani. Mstaafu wa ghorofa ya pili, anaishi peke yake, lakini mashuka anayofua yangetosha wodi nzima. Mashati yangu yamekaukia jikoni. Yananuka vitunguu. Mke wangu kanishauri nikaongee naye kwa upole. Upole wa nini? Binti wa dada yangu huwasaidia watu wasiojua kuandika programu watengeneze programu zao za mtandaoni. Unaeleza unachotaka kwa maneno ya kawaida, kompyuta inajenga. Na mimi kueleza ninachotaka ndicho kipaji changu.

Jumanne, 4 Machi
Mpwa kaja na karatasi na penseli, tupange programu ya kugawa zamu za kamba. Kachora kurasa, kisha maswali: nani anaruhusiwa kushika zamu? Wawili wakitaka kamba moja? Mvua ikinyesha? Nimemwambia mvua haituhusu.
“Mjomba, programu haijui usichoiambia.”
Ujana huo. Alipokwenda kunywa chai na mke wangu, nikaandika kanuni ya kumnyoosha Bwana Mashuka: atakayechelewa kuanua, nguo zake ni za anayefuata kwenye zamu. Mpwa karudi, kauliza: ni zake azikunje, au ni zake kabisa? Nimemjibu watu wazima tutaelewana. Kasema mwenye programu ni mimi, akaiacha.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano wa wapangaji, ngazini. Nimewaonyesha programu kwenye simu. Makofi. Mwenyekiti, mama wa ghorofa ya kwanza, alitaka tuijaribu kwanza. Nimepinga vikali. Nimependekeza neno la programu liwe la mwisho, rufaa hakuna. Wote wamenyoosha mikono, Bwana Mashuka wa kwanza. Nilimwonea huruma kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefua suti yangu, ya pekee, kwa ajili ya usaili wa Jumatatu. Natafuta ukuu wa idara. Nikaianika, nikashuka dukani. Muuza duka kauliza programu inafanyaje kazi. Swali fupi, jibu refu. Niliporudi, zamu yangu imekwisha, kamba tupu.
Aliyefuata kwenye zamu: Bwana Mashuka. Simu yake ilimwandikia, “Hongera, suti sasa ni yako.” Nimegonga mlango wake. Kafungua kaivaa.
“Jirani, wala sikuiomba. Lakini neno la programu si ndilo la mwisho?”
Mke wangu kasema imemkaa vizuri. Mbele yake! Nimemkimbilia mwenyekiti. Kaniambia rufaa hakuna, akiiga sauti yangu, hadi kikohozi changu.

Jumapili, 9 Machi
Mpwa karekebisha kanuni: nguo zikunjwe, ziachwe mlangoni kwa mwenyewe. Lakini kanuni mpya hairudi nyuma. Nimekwenda kuiazima suti yangu. Bwana Mashuka kanipa, imepigwa pasi, kaniombea heri. Kaomba tu niirudishe safi.
Kosa lilikuwa dogo, la neno moja. Kwa hiyo mchana nimeandika programu ya kufagia ngazi, peke yangu, bila maswali ya mpwa, na imeanza kufanya kazi jioni hii. Asiyefagia siku ya zamu yake, chumba chake kitangazwe kiko wazi kwa mpangaji mpya. Zamu ya kwanza nimejipa mimi, niwe mfano. Ni kesho asubuhi. Kesho nina usaili, basi nitafagia Jumanne.