Kauboi wa Ukutani kwa Baba Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yanachoma. Naandika nikiwa nyuma ya zizi la ng'ombe, huku Chonyonyo kwa wakwe zangu. Sithubutu kuingia ndani.

Wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu: nakusanya mabango ya zamani ya filamu za kauboi. Tena si yoyote. Nataka yale yaliyozua ubishi, yale ambayo mtu mwenye kofia pana anawafyatulia risasi wenyeji wa nchi kama anawinda nguruwe mwitu, na aliyechora akaona huo ni ushujaa. Yasipotunzwa, kesho tutaambiwa hayakuwahi kuwapo. (Mke wangu Adventina anasema hizo ni sababu za mtu aliyekosa kazi.)

Sebuleni kwa baba mkwe kuna moja. Marehemu kaka yake alikuwa mkata tiketi katika jumba la sinema Mwanza, akaja nalo, wakalibandika kwa uji wa muhogo. Kauboi, bastola, farasi, kijiji kinaungua nyuma yake. Siku niliyokuja kujitambulisha nililitazama hilo bango kuliko nilivyomtazama mchumba. Lakini kumwomba mkwe kitu cha ukutani kwake! Unaanzia wapi?

Leo tumetoka Kimuli kuja kuwasalimia. Baada ya chakula, baba mkwe, mzee Projestus, akaanza mwenyewe.

"Mkwe, hiyo picha unaipenda?"

"Naipenda sana, baba."

"Katekista kila akija ananiambia niichome. Anasema inafundisha kuua. Haya, ichukue. Lakini ukinibomolea ukuta, waitu, mwenzetu, tutakosana."

Ukuta wenyewe ni wa matofali ya udongo, mzee kuliko mimi. Nikaomba maji ya moto, kitambaa na kisu cha mezani. Baba mkwe akavuta kiti akakaa nyuma yangu, fimbo mapajani. Adventina akasimama mlangoni.

Nalowesha pembe. Nasubiri. Nachomeka kisu. Navuta kidogo. Karatasi inalia krrr, nasimama. Mzee anakohoa. Jasho linaniingia machoni, sithubutu kulifuta. Vumbi la udongo likadondoka, kidogo tu.

"Ukuta!"

"Samahani, baba."

Nalowesha tena. Kofia ikatoka nzima. Farasi akatoka mzima. Kufika katikati nikakuta pamelegea, gundi haijashika kabisa. Nikamshukuru Mungu. (Mjinga mimi! Mwenye akili angejiuliza kwa nini.)

Nikavuta. Bango lote likaja mikononi, halina hata mchaniko.

Nyuma yake hapakuwa na ukuta. Palikuwa na tundu la dirisha la zamani, la kabla hawajaongeza chumba cha kulala, nadhani hata mzee alishalisahau. Na upande wa pili wa tundu, karibu kabisa na pua yangu, alikuwa mama mkwe.

Nyie! Mama mkwe ambaye huwa namsalimia nikitazama vidole vyangu vya miguu! Kwa upande wake tundu lilikuwa likizibwa na gauni lake la kanisani, linaloning'inia msumarini. Na gauni hilo ndilo alilokuwa amelitungua ili alivae aje kukaa nasi. Mkono mmoja ulishaingia. Kwingine kote bado.

Macho yakagongana. Ningeweza kuyafumba. Ningeweza kukimbia. Mdomo ukajisemea wenyewe:

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, kwa mazoea tu. Kisha akili ikamrudia. Yowe alilopiga lilisikika mpaka kwa majirani.

Baba mkwe akainuka. "Unamwamkia nani huko ukutani?"

Nikageuka nikaziba tundu kwa mgongo. "Hakuna mtu, baba!"

(Hakuna mtu! Na mkewe anapiga kelele nyuma ya mbavu zangu.)

Akanisogelea. Nikazidi kujikandamiza. Nikawa nimesahau kwamba ukuta nimeulowesha mwenyewe. Tofali la chini likaachia. La pili likafuata. Nikaenda kinyumenyume, taratibu, makalio kwanza, mpaka nikawa nimekaa nusu ndani ya chumba cha wakwe zangu, miguu inaning'inia sebuleni, kauboi nimemkumbatia kifuani.

"Baba Mugisha," mke wangu akaniambia kwa sauti ndogo sana, "toka chumbani kwa mama."

Ningetoka vipi? Nilikuwa nimenasa. Baba mkwe ndiye aliyenivuta mikono. Mama mkwe, gauni amelivaa ndani nje, akanisukuma kwa mpini wa ufagio maana hakutaka kunigusa. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonimaliza.

Sasa hivi mzee anakanyaga udongo wa kuziba. Nimekwenda kumwambia nimsaidie. Hakuinua hata kichwa.

"Kaa na kauboi wako."

Basi nimekaa naye. Bango ni zima kabisa, linakauka vizuri juani. Wakwe ndio sijui kama bado ninao.