Nyungunyungu wa Shamba la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe amechachamaa. Shamba lake la pilipili, ninalolima mimi, eti limekuwa gumu kama sakafu, limeota chumvi nyeupe juu. Eti mbolea yangu ya chumvichumvi, urea, ya miaka kumi na miwili, imeliua. Nipeleke udongo kituo cha kilimo ukapimwe. Ukionekana mgonjwa, shamba anapewa Bun-rye, mjane wa shamba la jirani, yule wa samadi na maganda ya mpunga. Bun-rye! Mwanamke ananuka ng'ombe mpaka harusini. Halitoki mkononi mwangu, liwalo na liwe.

Jumanne, 5 Machi
Akili ni mali! Bun-rye alipokwenda kucheza karata jumba la wazee, nimechota udongo wake. Mweusi, unavunjika wenyewe mkononi. Kusema kweli, niliunusa mara mbili. Nimeutia katika mfuko wa vipimo, nikaandika juu yake jina langu, Ma Bong-chil, nikaupeleka kituoni.

Jumanne, 19 Machi
Majibu! Mwenyekiti ameyatangaza asubuhi kwenye kipaza sauti cha kijiji, kabla ya onyo la moto wa milimani. Udongo wa Bong-chil ndio bora kijiji kizima! Mama mkwe kanipikia supu ya soya, mayai mawili. Bun-rye kanitazama kwa jicho la pembeni, akanipa hongera.
Mchana kipaza sauti tena. Alhamisi wazee wote waje shambani kwangu, tuchimbe, tuhesabu nyungunyungu, tujifunze. Lo!

Jumatano, 20 Machi
Nimechimba mashimo sita. Hakuna hata mmoja. Wa kazi gani? Nimelima miaka yote bila wao.
Nimekwenda duka la wavuvi kule bwawani, nimenunua makopo ishirini ya nyungunyungu wa chambo. Muuzaji akauliza kama nakwenda kuvua nyangumi. Nikamwambia ashughulike na yake.

Alhamisi, 21 Machi
Alfajiri niliwafukia wote. Saa nne wazee wakafika, kila mmoja na kigoda chake cha kupalilia, cha sponji, kimefungwa makalioni. Hatukuchimba. Nyungunyungu walishatoka wenyewe, wanajinyonganyonga juu ya ile chumvi, na wote wanaelekea tuta la mpakani, kwa Bun-rye. Msafara!
Bun-rye akachutama, akawaambia karibuni wageni wangu, kwani kwa baba Seon-ok, yaani mimi, hamkupewa hata maji? Wazee walicheka mpaka wakashikana. Nikasema kwa sauti kwamba wanakwenda kusalimia tu, watarudi.
Mama mkwe hakucheka. Aliokota bonge la udongo, akalifinya, halikuvunjika. Akasema marehemu mumewe alikuwa akizamisha mkono katika ardhi hii mpaka kiwikoni. Akalia. Hapo niliona aibu, kidogo. Kisha akamkabidhi Bun-rye koleo langu. Mbele za watu!

Jumamosi, 23 Machi
Shamba limekwenda. Nimeachiwa kipande nyuma ya jiko, upana wa mikeka miwili. Bun-rye kaniletea toroli la samadi, eti nianze upya, baba Seon-ok, ardhi haina kinyongo. Nimemrudishia na toroli lake. Mimi nifundishwe na kinyesi? Thubutu!
Kosa nimelijua. Wale chambo hawakuzoezwa. Leo nimeokota kumi kule tutani, nimewatia ndooni pamoja na udongo, nikawamwagia urea, bakuli zima. Saba wametoroka, waoga wakubwa. Watatu wametulia tuli tangu mchana, hata kutikisika hawatikisiki. Hao ndio wakulima wenzangu.