Duara Jeupe Katikati ya Bendera

Jumatatu, 3 Machi
Nyota yangu imeng'aa! Mkurugenzi wa jiji ameniita. Bendera ya jiji inatimiza miaka hamsini Ijumaa, na hakuna anayejua rangi zake zina maana gani. Mimi, karani wa masjala, niandike historia yake na kuisoma mbele ya Meya. Mkuu wetu wa masjala anastaafu mwezi ujao. Kiti chake kina mto. Nimeshaukalia mara mbili akiwa msalani. Hofu yangu ni moja: karani mwenzangu, Bi Faili, naye anakitaka, na ana tabia mbaya ya kusoma majalada.

Jumanne, 4 Machi
Nimelipata jalada la bendera. Panya wameligeuza godoro. Basi, nitatunga! Kijani: rutuba. Buluu: mbingu, maana ziwa hatuna. Duara jeupe la katikati limenitoa jasho, mwishowe nikaandika kuwa ni moyo safi wa wananchi. Nikajipigia makofi mwenyewe. Nimesoma kwa sauti sebuleni. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu mwaka jana, akaacha cherehani yake akasema kuna jambo anataka kuniambia kuhusu bendera hiyo. Nikamjibu kwa adabu kwamba haya ni mambo ya ofisi, yeye apumzike.

Jumatano, 5 Machi
Bi Faili ameniuliza haya yote nimeyatoa wapi. Mwanamke ana wivu huyu! Eti atamtafuta fundi aliyeishona bendera, jina lake limo kwenye kitabu cha wageni wa siku ya uzinduzi. Nimecheka mpaka nikakohoa. Fundi wa miaka hamsini iliyopita? Nikaongeza kwenye hotuba: marehemu fundi, Mungu amrehemu, alitokwa na machozi akishona lile duara. Mke wangu ananisihi nimsikilize mama yake. Nimesema baada ya Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi
Ukumbi pomoni. Nimevaa suti ya harusi, kifungo kimegoma. Nilipofika kwenye maneno ya marehemu fundi nikainamisha kichwa, watu wamwombee. Hapo nikamwona mama mkwe mstari wa mbele, kando ya Bi Faili. Nikadhani kaja kunishangilia! Akanyoosha mkono. Meya akamruhusu. Akasimama, akasema marehemu ni yeye.

Kijani na buluu, akasema, ni vitambaa vilivyobaki alipomaliza kushona sare za shule. Na duara? Asubuhi ya uzinduzi pasi ya mkaa iliunguza bendera katikati. Akachukua kisahani cha chai, akapima, akatia kiraka.

Miaka hamsini tunapigia saluti kiraka! Ukumbi ulicheka mpaka Meya akavua miwani kufuta macho. Wakasimama kumpigia mama mkwe makofi. Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nimeumia, sitaki kuficha.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Faili kapewa kiti. Na mto wake. Mimi nimepelekwa stoo ya viti vibovu. Lakini Mkurugenzi ana huruma, kanipa nafasi ya mwisho: nieleze kwa nini ndege wa kwenye muhuri wa jiji ana mguu mmoja. Rahisi mno! Mguu mmoja ni msimamo thabiti. Nilipokuwa naandika, mama mkwe akaniletea chai, akasema muhuri ule ulichongwa na marehemu mumewe, na kuhusu huo mguu kuna jambo anataka kuniambia. Nikamjibu kwa adabu kwamba haya ni mambo ya ofisi, yeye apumzike.