Mashine Niliyoilisha Hewa

Leo nimeaibika, na nusu ya mtaa wetu wa Kinama ilikuwepo. Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnaijua mashine yangu ya kusaga unga. Jirani yangu Mwajuma anayo ya aina ileile, tulizinunua siku moja. Lakini kwa jinsi esansi, yaani petroli, ilivyo adimu siku hizi, bidoni yake, dumu moja tu, inafika jioni, yangu inakauka saa sita. Roho iliniuma. (Sana. Nilikuwa nachungulia kila anapojaza.)

Na leo ndiyo siku Shangazi Hadija alikuwa anakuja kuchagua nani kati yetu asage mihogo ya harusi ya kwao. Magunia manne. Niliyataka yote, na nilitaka Mwajuma aone yakiingia kwangu.

Asubuhi nikachungulia tena uani kwake. Ameinama kwenye karabureta, anakaza visi, ile skrubu ya esansi, kidogo kwa turnavisi (bisibisi).

"Unafanya nini?" nikauliza, kama mtu asiyejali.

"Mi napunguza esansi, hewa inakuwa mingi. Inakunywa kidogo."

Sikungoja zaidi. Nikakimbia kwangu. Yeye alizungusha visi nusu mzunguko, mimi nikazungusha mmoja na nusu. (Hesabu ya wivu.)

Nikawasha. Mashine ikalia tupu, safi kabisa, na esansi ni kama haishuki. Nikawageukia akina mama waliopanga mabeseni yao.

"Leo mutaona. Kwa Mwajuma mutaenda kusalimia tu."

Shangazi Hadija akafika, akaketi. Nikamimina beseni zima la mihogo. Mashine ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nikavuta kamba, ikawaka. Nikamimina nusu, ikazima. Nikavuta tena mpaka kitenge kikafunguka (nilivaa sketi ndani, Mungu ni mwema). Mwisho nikawa natia mihogo kipande kimoja kimoja, na injini imekuwa ya moto kama pasi.

"Mama Divine," akasema Shangazi, "we unasaga ao unaionjesha?"

Wakacheka wote. Mama wa kwanza akabeba beseni lake kwenda kwa Mwajuma. Hakufika mbali, maana Mwajuma mwenyewe alikuwa anakuja, turnavisi mkononi.

"Umekaza sana," akaniambia. "Mi nakaza wakati iko tupu, nangojea watu. Mihogo ikiingia, nafungua, naiongezea esansi. Kazi nzito inataka chakula."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshakimbia."

Akafungua visi, akavuta kamba mara moja. Beseni lote likasagwa, mimi nimesimama pembeni nimeshika gunia tupu kama mgeni.

Shangazi akachota unga, akausugua kwa vidole. "Muzuri. Ya harusi tutasagia hapa."

Nikamtazama Mwajuma. Nakiri, nilitabasamu.

"Lakini huyu akuwe hapa," Shangazi akaendelea, akimnyooshea kidole Mwajuma. "Yeye ashike visi. We utashika gunia."

Basi kazi nimepata. Kesho saa mbili asubuhi Mwajuma anakalia kiti changu, mbele ya mashine yangu, mimi nikimshikia gunia. Mkipita hapo, salimieni kwa heshima, na meno yabaki ndani.